Swali Nililomuuliza Ma Koku

Ninyi mnaoingia maabara siku hizi, mkiwa na mashine zinazosoma damu zenyewe na kutoa karatasi kama risiti ya dukani, nawaonea wivu na pia siwaonei. Nawaonea wivu kwa sababu macho yenu bado ni mazima. Siwaonei kwa sababu wengi wenu hamtaijua raha ya kukaa saa nne asubuhi, dirisha likiwa wazi, jicho kwenye hadubini, ukimtafuta mdudu ambaye hataki kabisa kutafutwa. Mimi nimestaafu. Nakaa Hamugembe na migomba yangu, na kila asubuhi nikishamaliza kuondoa majani makavu, mikono yangu inatafuta kitu kingine cha kushika na haikioni. Niseme tu ukweli wangu: naitamani ile kazi, hata harufu yake.

Na harufu yake mnaijua. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusoma vinyesi vya watu. Marehemu mume wangu alipoulizwa mkewe anafanya kazi gani, alijibu kwamba yuko serikalini, halafu akaanza haraka kuzungumzia bei ya kahawa.

Mmeniomba niwaambie ninayoyajua kuhusu kichocho kabla hamjavuka kwenda kisiwa cha Goziba. Nilidhani ningejaza ukurasa mmoja tu, wa vipimo na dozi. Lakini kila nikianza na dozi, anakuja mtu mmoja na kukaa mbele yangu, na hataki kuondoka mpaka nimsimulie. Basi nivumilieni, nitafika kwake.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Sefu wa Miembeni, mtu mwembamba wa kofia, ambaye babu yake alikuja Bukoba kutoka pwani akaoa huku. Mzee Sefu mwenyewe alizaliwa hapa hapa na Kihaya chake kilikuwa kizuri kuliko changu mimi niliyetoka Muleba. Hakuwahi kunipandishia sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Wiki yangu ya kwanza nilimwandikia mgonjwa mmoja mayai mengi sana ya kichocho. Mzee Sefu akainama kwenye hadubini, akakaa hapo muda mrefu, akaniuliza kwa upole kama minyoo yangu inataga povu. Nilikuwa nimehesabu mapovu ya hewa. Tangu siku hiyo sheria yake ikawa sheria yangu: huandiki yai la kichocho cha tumbo mpaka uuone mwiba wake ubavuni.

Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba choo kikishachujwa kwenye wavu na kubandikwa chini ya ile karatasi ya kijani iliyolowekwa kwenye gliserini, unaiweka slaidi juu ya gazeti. Kama husomi herufi kupitia humo, umepaka zito, anza upya. Na yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mayai ya safura hayasubiri mtu. Yasome upesi, maana baada ya muda gliserini inayafuta. Mara moja niliacha slaidi yenye mayai ya safura mezani nikaenda kunywa chai na wenzangu, na chai ikanoga. Niliporudi, mgonjwa wangu alikuwa amepona. Mzee Sefu alinipongeza kwa kugundua chai inayotibu safura, na pongezi hizo alizirudia mbele ya kila mgeni kwa mwaka mzima.

Sasa nije kwenye mnyoo wenyewe, maana ndilo somo mliloniomba. Minyoo ya kichocho huingia kupitia ngozi ukiwa majini, wakubwa wake wanaishi ndani ya mishipa ya damu, dume na jike wamekumbatiana, na wanaweza kukaa humo miaka. Swali ambalo kila mwenye akili huuliza ni hili: kinga ya mwili iko wapi muda wote huo? Jibu nililopewa na wataalamu wa mradi uliokuja kwetu, na nililowaeleza watu wa visiwani kwa njia yangu, ni kwamba mnyoo ni mwizi anayeingia nyumbani na kuvaa nguo za mwenye nyumba. Anajipaka vitu vya damu yako mwenyewe, mbwa wakimnusa wanamwona ni mtu wa pale pale, wanalala. Mayai yake ndiyo hayana nguo. Yakikwama kwenye ini, mwili unayaona na kujenga ukuta kuzunguka kila yai, na kuta zikiwa nyingi ini linakuwa gumu, bandama inavimba, na mishipa ya koo inajaa damu mpaka siku moja inapasuka. Kwa hiyo mtu anaweza kuuawa na ulinzi wake mwenyewe.

Dawa yetu, prazikwanteli, inamvua mwizi nguo. Inamkaza mnyoo misuli, inamchana ngozi, na hapo ndipo mwili unapomwona kwa mara ya kwanza na kupiga mbiu. Seli zinaanza kuitana kwa kemikali, moja inaituma nyingine, na kazi ya kummaliza mnyoo wanaifanya pamoja, dawa na kinga. Ndiyo sababu mtu mwenye minyoo mingi anaweza kuugua zaidi akimeza dawa kuliko mwenye michache. Anawashwa, anatoka upele, tumbo linamkata. Kelele yote ile ni mwili wake unaozungumza.

Mbiu hiyo niliiona kwa macho yangu. Kuna seli za damu zinazokunywa rangi nyekundu, mnaziita eosinofili, nazo hupenda sana vita vya minyoo. Nilizihesabu kwenye damu ya mgonjwa mmoja kabla ya dawa, zilikuwa nyingi. Nikazihesabu siku iliyofuata baada ya dawa, zimepungua. Nikajua nimeharibu kazi, nikataka kuzitupa zile slaidi. Mzee Sefu akanizuia, akaniambia niandike ninachokiona hata kama kinaniaibisha. Wiki tatu baadaye seli zilikuwa zimeongezeka kuliko mwanzo. Wataalamu wakaeleza kwamba siku ile ya pili huenda zilikuwa zimetoka kwenye damu kwenda vitani, kule minyoo iliko. Ningezitupa slaidi, nisingejifunza hilo.

Haya, Goziba.

Tulifika kwa boti tukiwa na sanduku la dawa, hadubini, na ile fimbo ya kupimia watu urefu ili kujua idadi ya vidonge. Nilikuwa mkuu wa msafara, na kichwa changu kilikuwa kikubwa kweli kweli. Mzee Sefu alibaki Bukoba. Mwaloni, pale boti zinapotia nanga, watu walitutazama kwa mbali. Kambi ile ilikuwa ya wavuvi kutoka kila pembe ya ziwa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumeza kitu kilicholetwa na wageni.

Aliyejitokeza ni Ma Koku. Alikuwa mwanika dagaa, mtu wa Muleba kama mimi, alivukia kisiwani baada ya kufiwa na mume. Wanawake wote wa kambi walimsikiliza. Akigeuza dagaa, nao wanageuza. Akizikusanya kwa sababu ameona wingu, wanazikusanya bila kuangalia juu. Nilimpima tumbo nikaikuta bandama yake imeshuka chini ya mbavu, ngumu. Aliniambia, kama mtu anayesimulia habari ya jirani, kwamba mwaka uliopita alitapika damu. Choo chake kilijaa mayai yenye mwiba kiasi kwamba nilirudia kuhesabu mara mbili. Nilielewa kwamba mwanamke huyu asipotibiwa vizuri, damu itarudi.

Alitukaribisha kwenye kibanda chake kama tunavyokaribishwa kwetu. Akafungua jani la mgomba lililokauka, akanipa kwa mikono miwili punje za kahawa ya kutafuna, naye akatia zake mdomoni. Nikamuuliza swali ambalo karatasi ya mradi ilinitaka nimuulize kila mtu, kwa sababu dawa hii haitaki tumbo tupu: umekula? Akasema amekula. Nikaweka alama ya vema. Alimeza vidonge vyote bila kukunja uso, na ninyi mnajua vilivyo vichungu. Watu kadhaa wakamfuata. Saa nane mchana nahodha alituita, nikapanda boti nikiwa nimefurahi sana na nafsi yangu.

Wiki tatu baadaye alifika maabara mvuvi mmoja wa kule, amekuja mjini kununua nyavu. Aliniambia kwamba kabla hatujapotea machoni Ma Koku alitapika, akaanguka kwenye mchanga kati ya dagaa zake, akavimba upele mwili mzima, akaharisha damu siku mbili. Kambi yote iliona. Wameapa hakuna atakayemeza tena kile kitu, na Ma Koku mwenyewe amesema afadhali minyoo anayoijua.

Nilikwenda kwa Mzee Sefu kujitetea. Nikamwonyesha fomu, alama ya vema, mgonjwa alisema amekula. Akaniangalia kwa huruma.

“Adventina, mama yako amewahi kumwambia mgeni kwamba hajala?”

Ninyi mliozaliwa huku mnajua. Kwetu mgeni ndiye anayeulizwa, na ndiye anayelishwa. Mgeni akimuuliza mwenye nyumba kama amekula, mwenye nyumba amekula, hata kama sufuria zimefunikwa tangu jana. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo, dagaa hazikukauka, na Ma Koku hakuwa na kitu tumboni zaidi ya zile kahawa mbili tatu alizotafuna nami kwa adabu. Mtafiti kutoka mbali angekosea hivyo ningemsamehe. Mimi nilikuwa mtoto wa Muleba, nimekulia kwenye nyumba ya namna hiyo hiyo, na fomu ilinisahaulisha mama yangu.

Tulirudi Goziba, safari hii na Mzee Sefu, mikungu mitatu ya ndizi, maharage na sufuria kubwa ya shule tuliyoazima. Mzee Sefu alikunja mikono ya shati akamenya ndizi pale mwaloni mwenyewe, akiwatania wavuvi kwamba wanamenya kama watu waliozaliwa ndani ya mtumbwi. Fomu hatukuzitoa. Tulipika, tukapakua, tukakaa tukila nao, na tukawatazama wakila. Baada ya kula wote walishukuru vizuri na hakuna aliyekuja kwenye dawa. Walikuwa wanaangalia upande wa zile chanja za miti ambazo Ma Koku alianikia dagaa. Yeye hakuja hata kula.

Nikamfuata. Alikuwa anageuza dagaa, hakuacha. Nilimwambia kwamba kosa ni langu, kwamba nilimuuliza swali ambalo nilijua atalijibu vipi, na kwamba sehemu ya dawa aliitapika, kwa hiyo minyoo mingi bado imo na bandama yake iko pale pale. Nilimweleza habari ya mwizi na nguo, kwamba ule upele ulikuwa mwili wake ukimwona mwizi. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Waitu, wa kwetu, hayo ya mwizi nimeyaelewa,” akasema. “Lakini wewe ulinipa dawa ukapanda boti. Kuumwa niliumwa na majirani.”

Nilisimama pale na sahani yangu mkononi, na aibu ile naisikia hadi leo ninapoandika. Miaka yote niliyokwisha kufanya kazi, sikuwa nimewahi kumwona mtu yeyote saa mbili baada ya kumpa dawa. Nilikuwa najua mayai yao, sikujua walivyoshinda.

Akanipa sharti lake. Nile naye sahani moja, na nisipande boti mpaka jua la kesho. Nikakubali papo hapo, nikamtuma mtu kwa nahodha. Mzee Sefu alisikia, akaagiza aletewe mkeka.

Tulikula ndizi na maharage kwa mikono, sahani moja, Ma Koku akinisogezea vipande vyenye mchuzi kwa sababu alikuwa amesharudi kuwa mwenye nyumba. Akameza vidonge. Tukakaa. Jioni alianza kuwashwa mgongoni na tumbo likamsokota, nikamkuna, nikamshika mkono, nikawa namwambia wakati wote kinachotokea ndani. Alinisimulia nyumba yao Muleba, mibuni ya baba yake, mtoto wake mmoja aliyezikwa huko. Aliniuliza kama na mimi nina kichocho. Nikamwambia sijawahi kujipima. Alicheka mpaka akashika mbavu, akasema kesho asubuhi yeye ndiye atakayenipima. Sijawahi kuwa karibu na mgonjwa namna ile, kabla wala baadaye.

Asubuhi aliamka mapema kuliko mimi. Nilipotoka nikamkuta ameinamia chanja zake, anageuza dagaa. Wanawake wenzake walimwangalia, wakaniangalia, na kabla chai haijachemka kulikuwa na mstari mrefu mbele ya fimbo ya kupimia. Nilimtoboa Ma Koku kidole, nikachukua tone la damu. Kwenye hadubini zile eosinofili zilikuwa zimepungua kuliko kwenye tone nililochukua kabla hajameza, zimekwenda vitani. Nikamwita naye achungulie. Alikaza jicho moja, akaniuliza ndio hao mbwa? Nikamwambia ndio waliobaki nyumbani.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo kijana wa maabara hatakiwi kulisahau. Prazikwanteli inawavua nguo minyoo wakubwa tu. Walio wachanga, walioingia mwilini wiki chache zilizopita, haiwagusi sana. Kwa mtu anayesimama majini kila siku, lazima urudi wachanga wakishakua, umpe tena. Nilimweleza Ma Koku. Akaniuliza lini. Nikamwambia wiki sita.

“Nitakusubiri,” akasema. “Nitakuwa nimekula kweli.”

Sikurudi baada ya wiki sita.

Nimetafuta sababu nzuri kwa miaka na ninazo za kutosha. Mwezi ule Mzee Sefu alianguka bafuni na hakuamka tena. Tulimzika Bukoba, na kiti chake wakanipa mimi, na hapakuwa na mwingine wa kusoma slaidi. Mradi ulikuwa umefika mwisho. Boti ya idara iliharibika. Yote hayo ni kweli. Lakini boti za wavuvi zilikuwa zinakwenda kila juma, na hakuna mtu aliyenikataza kupanda. Niliogopa kukiacha kiti kile. Nilidhani kuna mwingine atakwenda. Kwenye daftari langu la Goziba, mbele ya jina lake, kuna hesabu ya kwanza, ya pili, na nafasi ya wiki sita ambayo haina kitu.

Nilifika baada ya mwaka na ushee. Samaki walikuwa wamehama na kambi ikahama nao. Palipokuwa na chanja za Ma Koku palikuwa na miti michache imechomekwa mchangani. Niliuliza kila mtu. Mmoja alisema amevukia kisiwa kingine, mwingine akasema amerudi kwao Muleba. Mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu akasema kuna mama mwanika dagaa aliyetapika damu msimu wa mvua, lakini hajui ni yupi. Nilikwenda Muleba, nikaulizia mibuni ya baba yake kwa maelezo aliyonipa. Nilipata mibuni, wenyewe walikuwa wengine.

Kwa hiyo mkinikuta hapa Hamugembe nimekaa nje nikiangalia upande wa ziwa, msidhani napumzika. Kuna watu ninaowakumbuka. Namkumbuka Mzee Sefu na pongezi zake za chai, naikosa ile meza, lakini Ma Koku namkumbuka kwa namna nyingine, kama mtu anavyotamani siku irudi ili aifanye vizuri. Wataalamu wanasema wapo wavuvi waliotibiwa mara nyingi, ambao miili yao imewaona minyoo wakifa mara nyingi, na sasa minyoo inawapata kwa shida. Huwa najiambia huenda naye ni mmoja wao, amekutana na mtu aliyerudi.

Vipimo vyenu ni vizuri kuliko vyangu, sina la kuwafundisha huko. Ila mkifika Goziba, na mkivuka kwenda kambi nyingine zote, mtafuteni mwanamke mtu mzima wa Muleba, mwanika dagaa, ambaye wenzake wanageuza anapogeuza. Atawapa kahawa ya kutafuna kwa mikono miwili. Mtamuuliza kama amekula, kwa sababu fomu zenu bado zinauliza, naye atasema amekula. Msimwamini. Pikeni, mle naye sahani moja, mpeni dawa, na boti ikiwaita iacheni iende. Halafu mwambieni Adventina amechelewa, lakini ametuma watu.